Jasho la kichwani: siku 17 wodini na binti yetu

Dar ya mwezi Machi, nani hatoi jasho? Ndiyo maana hatukushtuka. Binti yetu alikuwa na siku kumi na tano hivi. Akiwekwa ziwani ananyonya dakika mbili, anaachia, anahema, kichwa kimelowa chapachapa kama katoka kuogeshwa. Feni inazunguka, dirisha liko wazi. Mama mkwe akasema ni joto. Mimi nikasema ni joto. Jirani akasema mvivu wa kunyonya, atazoea. Mke wangu peke yake ndiye aliyeshikilia neno moja: "Huyu mtoto anachoka."

Naandika haya kwa mzazi aliyeambiwa leo kwamba moyo wa mwanawe una tatizo, akaachwa kwenye benchi la korido na karatasi mkononi. Benchi hilo nimelikalia siku 17. Mimi si daktari, nauza vipuri vya magari Kariakoo kwenye duka la mtu. Binti sasa ana miezi minne, anacheka na ukuta, na tunasubiri tarehe ya upasuaji.

Tulianzia zahanati moja jirani na kwetu Kimara. Wakasema nimonia, wakatupa dawa ya maji, turudi baada ya siku tano. Siku ya nne mbavu zikaanza kubonyea ndani kila akivuta pumzi. Siwalaumu sana, mtoto akihema haraka nimonia ndiyo inayokuja kichwani kwanza. Ila hakuna aliyempima uzito siku ile. Alizaliwa na kilo 3.1, tulipomfikisha hospitali kubwa akiwa na siku 19, mzani ulisoma 3.0. Mtoto mchanga hupungua kidogo siku za mwanzo, hilo ni la kawaida, lakini wiki mbili zikifika anatakiwa awe amerudi kwenye uzito wake wa kuzaliwa. Wetu alikuwa hajarudi. Kwa hiyo ukiona jasho la kichwani linalokuja anaponyonya tu, kuhema haraka, kuchoka ziwani, na mzani usiopanda, vyote kwa mtoto mmoja, usingoje mtu akuulize. Sema mwenyewe: naomba moyo wake usikilizwe. Na midomo au ulimi ukigeuka rangi ya bluu, usingoje hata kupambazuka.

Kipimo cha eko, yaani kuupiga moyo picha kwa mawimbi ya sauti, kilifanyika Upanga, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale pale ndani ya eneo la Muhimbili. Mjomba wangu alishaanza kusema tujiandae kwa India, maana kwa mtu wa umri wake, ugonjwa wa moyo ni India. Kweli zamani familia zilikuwa zinasubiri rufaa ya huko. Tangu taasisi ianzishwe mwaka 2015, upasuaji mwingi wa mioyo ya watoto unafanyika hapa hapa Dar.

Sasa jambo la kwanza ninalokushauri, na kama utasahau mengine yote hili lishike: mwombe daktari achore. Mimi niliambiwa maneno matatu ya kitaalamu, nikaitikia "ndiyo dokta, ndiyo dokta," nikatoka sijui lolote. Kesho yake nikamfuata tena, nimeshika kaunta buku la shilingi elfu mbili, nikamwambia, dokta nichoree kama unamchorea mtoto. Akacheka, akachora nyumba ya vyumba vinne, viwili juu, viwili chini. Kwenye ukuta kati ya vyumba vya chini akatoboa kwa ncha ya kalamu mpaka karatasi ikapenya. Chumba cha kushoto, akasema, kina nguvu, ndicho kinachosukuma damu mwili mzima. Kwa kuwa ukuta umetoboka, sehemu ya damu inavuka kulia na kurudishwa kwenye mapafu, ambako ilikuwa imeshatoka. "Wewe unakaa wapi?" Kimara. "Basi Jangwani unapajua mvua ikinyesha, maji yanavyofurika. Mapafu ya binti yako ndiyo Jangwani." Ile dawa anayopewa inamkojoza ili maji ya ziada yatoke.

Nilimwuliza lililokuwa linaniwasha: mbona alizaliwa mzima, kalia vizuri, karuhusiwa siku ya pili? Akaniambia tundu lilikuwepo tangu tumboni. Mtoto anapozaliwa mishipa ya mapafu bado imebana, kwa hiyo damu haipati njia rahisi ya kuvuka. Wiki zinavyokwenda mishipa inalegea, kama inavyotakiwa kwa kila mtoto, na hapo ndipo damu inaanza kumiminika upande usiotakiwa. Kumbe ule uzima wa wiki ya kwanza haukuwa uongo wa mtu.

Nilikwenda kumweleza mke wangu yote hayo, kwa sababu yeye alikuwa kwenye kesi nyingine kabisa. Shangazi yangu alishampigia simu: mlimtoa mtoto nje kabla ya arobaini. Mwingine: mimba yako ulikuwa unakunywa soda sana. Mwingine hakusema, alivuta pumzi tu akataja husuda. Mama wa watu ananyonyesha huku anajihukumu. Nikamsomea kutoka kwenye daftari: moyo wa mtoto unamaliza kujijenga umbo ndani ya wiki nane hivi za mwanzo wa mimba. Wiki nane! Yeye aligundua ana mimba ikiwa na wiki saba. Hiyo arobaini wanayoisema imekuja baada ya tundu miezi saba. Daktari pia alituambia kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa popote duniani, karibu 8 hadi 10 wana hitilafu ya moyo, na tundu la ukuta wa chini ndilo linaloonekana zaidi. Sababu mara nyingi haijulikani. Kuna zinazojulikana, kama rubela, ugonjwa wa virusi unaoleta vipele, kwa mama mwanzoni mwa mimba, au kisukari kisichodhibitiwa, na hizo utaulizwa na daktari. Shangazi simu yake inaweza kuita.

Halafu mashine. Kidoleni mwa mguu wanamfunga kitu kinachowaka taa nyekundu, kinasoma oksijeni. Akirusha teke kinateleza, mashine inapiga kelele wodi nzima, na wewe roho inakutoka. Nesi anakuja polepole, anamwangalia mtoto usoni kwanza, ndipo anarudisha waya. Mke wangu aliliona hilo siku ya pili tu, mimi lilinichukua wiki: wao wanaanza na mtoto, skrini baadaye.

Na hapa niungame ujinga wangu. Oksijeni waliyompa niliiona ndogo. Kitanda cha jirani wamefungua zaidi, kwetu kidogo. Nikajua tu, hapa kuna mtu anabaniwa. Jioni nikamkabili nesi wa zamu kwa sauti isiyo nzuri. Mama wa makamo yule, hakubishana, alivuta stuli akanikalisha. "Baba, oksijeni ni dawa. Kwa tundu kama la mwanao, ukiizidisha unaifungua zaidi mishipa ya mapafu, damu inazidi kukimbilia huko huko." Nikaangalia chini. Kesho yake nilimletea maandazi, akapokea bila maneno mengi. Uliza kabla hujafoka, kipimo cha jirani ni cha jirani.

Maziwa ndiyo kazi kubwa, na ni ya mama. Mtoto alikuwa hana nguvu ya kunyonya vya kutosha, akawekewa mpira wa puani, mililita 45 kila baada ya saa tatu, mchana na usiku. Maana yake mke wangu anakamua mara nane kwa siku, kwenye kikombe kilichochemshwa, amekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya akina mama wengine kumi. Siku ambazo shangazi alipiga simu, kikombe hakikufika nusu. Baba, usisimame juu yake ukiuliza "mbona kidogo?" Niliuliza mara moja. Sitaki kukumbuka alivyoniangalia. Leta uji, leta supu ya kuku, leta kanga safi, kaa kimya.

Mama mkwe alikuja na chupa ya dawa ya chango. Mzee wa watu katoka Bagamoyo kwa basi, kaifunga chupa kwenye leso vizuri. Mtoto mwenye moyo unaochoka kila tone linahesabiwa, hata maji hapewi. Tungemwambia "dawa yako itamwua mjukuu" tungekuwa tumemwua yeye kwanza. Mke wangu akampokea kwa mikono miwili, akasema, "Mama, dokta kafunga kinywa cha mtoto mpaka atoe ruhusa yeye. Lakini mimi uji wa pilipili manga wa hapa mjini haunishuki." Basi. Kuanzia siku hiyo mama mkwe saa kumi na moja alfajiri yuko jikoni. Nepi anafua yeye, chupa ya chai anafunga yeye, ile dawa sijaiona tena. Ndugu asiye na kazi wodini atajitafutia kazi, na ile atakayojipa huenda usiipende. Mpe wewe mapema.

Simu vile vile. Siku mbili za kwanza nilipokea simu mpaka sikio likaumwa, na kila mmoja namwanzishia hadithi upya. Siku ya tatu dada yangu akajitolea: mimi namtumia ujumbe mmoja saa mbili usiku, yeye anauweka kwenye kundi la familia, maswali yote yanakwenda kwake. Mke wangu akatoka kundini kwa muda, na aliyenuna alinuna.

Kwenye pesa, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali siku ya kwanza au ya pili, kabla bili haijakomaa. Mimi niliona haya, nikaenda siku ya tisa, akaniuliza nilikuwa wapi. Kila risiti bandika kwenye daftari. Michango pia iandike, hata ya elfu tano, jina na tarehe. Sisi kuchangia harusi na msiba hatuna shida, ila mgonjwa watu wanaogopa kukuuliza unahitaji nini, basi sema mwenyewe: nauli, bando, nepi. Bosi wangu nilimwambia ukweli asubuhi ile ile ya kwanza. Likizo ya baba kisheria ni siku tatu, na zangu nilishazimaliza mtoto alipozaliwa. Tukakubaliana niingie saa nne, nitoke saa tisa, Jumapili nifidie stoo.

Akina baba, pale nje tulikuwa watano sita wa kudumu. Ndani tunaingia kwa muda mfupi, muda uliobaki ni benchi. Kulikuwa na dereva wa bajaji ambaye mtoto wake alikuwa na wiki tano wodini, huyo ndiye aliyenifundisha kula. "Ukianguka hapa nani atakuokota, wote tuna wagonjwa." Usiku nilikuwa nasoma simu mpaka saa nane, naandika "tundu la moyo", nasoma magonjwa ambayo binti hana. Nikaacha. Swali likinijia naliandika kwenye daftari, mke wangu anaingia nalo raundi ya asubuhi, maana raundi mimi siruhusiwi.

Siku ya kumi na mbili mvua ikanyesha usiku kucha, Jangwani ikafungwa. Mabasi ya mwendokasi hakuna, watu tumejazana Magomeni tunaangalia maji. Nimebeba uji na nguo za kubadili. Saa nzima ya kuzunguka kwa bodaboda, nafika nimelowa kuliko mtoto aliyekuwa anatoka jasho. Mke wangu kanipokea kwa kicheko, cha kwanza tangu tulazwe. Mzani wa asubuhi ulikuwa umeongezeka gramu 40.

Ruhusa ilipotoka tuliogopa kuliko siku ya kulazwa. Usitoke hujafundishwa kupima dawa kwa mikono yako, mbele ya nesi, kwa kile kibomba kidogo cha sindano cha mililita moja, wote wawili na bibi pia. Akitapika dawa nifanye nini? Chanjo zake zinaendelea? Niandikie namba ya kupiga. Kuhesabu pumzi nako tulifundishwa: amelala, ametulia, dakika nzima huku unatazama saa. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 60 na kuendelea ni haraka. Hesabu tena, na ikibaki hapo rudi hospitali. Yeye walituambia tumrudishe pia akikataa kunyonya, akibadilika rangi, au jasho likirudi.

Usiku wa kwanza nyumbani umeme ulikatika. Nikamfunua kifua kwa taa ya simu, nikahesabu: 54. Nikarudia, 51. Nikarudia, 52, naandika kwenye daftari. Mama mkwe kwenye mkeka akageuka akasema huyu mtoto anahesabiwa kama mauzo ya duka. Nilipoanza mara ya nne mke wangu akaninyang'anya simu, akaizima, akaniambia nilale, zamu ni yake.