Maswali na majibu: Plasta ya kupima doa na hofu ya kisu

Dada yangu yuko Texas. Alibandikwa plasta kwenye doa la mgongoni, akaambiwa kipimo cha jeni hakikuona saratani, wala hakukatwa. Hiyo plasta inafanyaje kazi? – Msomaji, South B

Plasta yenye gundi hubandikwa juu ya doa na kubanduliwa, mara kadhaa, nayo hutoka na seli za tabaka la juu la ngozi. Maabara hutafuta humo dalili za jeni mbili, LINC00518 na PRAME, ambazo huamka doa linapogeuka melanoma, yaani saratani ya ngozi inayoanzia kwenye seli za rangi. Zisipoonekana, daktari huweza kuliacha doa na kulifuatilia. Zikionekana, bado hujaambiwa una saratani. Hapo ndipo unakatwa kipande kidogo cha ngozi kikapimwe.

Watengenezaji walisema jibu la "hapana" ni sahihi kwa zaidi ya asilimia 99. Ni kweli, lakini kumbuka kwamba madoa mengi yanayopimwa huwa si saratani tangu mwanzo. Kampuni iliyoitangaza sana, DermTech ya California, iliomba ulinzi wa kufilisika Juni 2024. Wewe uliye hapa Nairobi usikae ukiingojea plasta: nenda kwa daktari wa ngozi.

Nina mstari mweusi kwenye ukucha wa kidole gumba cha mguu. Lakini si saratani ya ngozi ni ya Wazungu? – Mwendesha boda, Kayole

Hapana, kaka. Wazungu huugua zaidi, ila sisi tukipata melanoma mara nyingi hujificha kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo jua halihusiki sana. Bob Marley ilimwanzia chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, akafariki Mei 1981 akiwa na miaka 36. Na mahali hapo ndipo plasta ya dada wa Texas haitumiki, kwa sababu haikukusudiwa nyayo, viganja wala kucha.

Usishtuke bado. Mistari kama hiyo ni ya kawaida kwa watu weusi, hasa ikiwa kwenye kucha kadhaa. Wa kutia shaka ni ule ulio peke yake, unaozidi kupanuka, au ambao weusi wake umemwagikia ngozi ya pembeni. Kama uliumia, damu iliyovilia husogea mbele kadiri ukucha unavyoota. Mstari ukibaki palepale, usiulaumu mguu wa pikipiki. Nenda ukaonwe wiki hii.

Mama mkwe anasema saratani ikiguswa na kisu inasambaa. Nikubali kukatwa? – Mama wa watoto watatu, Kawangware

Kubali. Kukata kipande cha kupimwa hakusambazi melanoma. Mama mkwe hakuitunga hadithi hiyo. Amewaona majirani waliokwenda hospitali ugonjwa ukiwa umeshafika mbali, wakapasuliwa, wakafa, na kisu kikabeba lawama. Ni sindano ya ganzi, dakika chache na nyuzi mbili tatu. Wasiwasi wangu uko kwingine: wengi hukatwa kisha hawarudi kuchukua majibu. Yafuatilie mpaka uyashike mkononi.

Mwanangu ana ualbino. Plasta hiyo ingemfaa? – Baba, Githurai

Hapana. Kwa watu wenye ualbino saratani zinazotawala si melanoma, na kipimo hiki hakizitafuti kabisa. Chunguza uso, masikio, shingo na mikono: kidonda kisichopona kwa mwezi au gamba linalotoka damu lionwe na daktari. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa kutoa losheni za kukinga jua. Msajili kama bado. Kofia pana na mikono mirefu hata Julai, kwani mawingu ya Nairobi hayazuii miale.

Kuna dawa mtaani ya kuchoma madoa. Ni salama? – Msomaji, Eastleigh

Usiiguse. Huunguza juu na kuacha mizizi, na daktari akifika hakuti tena doa la kupima.