Fundi Nijibu: Umeme ukikatika seva inalala, tununue ya pili?

SWALI: Habari kaka fundi, pole na majukumu. Mimi ni mhasibu wa saccos moja hapa Mwanza, tuna kompyuta 18 na seva moja iko chini ya meza ya stoo, programu ya mikopo na mafaili yote yamo humo. Umeme ukikatika tu kazi imesimama, afu ukirudi seva inachukua karibia saa nzima mpaka ikae sawa, wanachama wamejaa kwenye benchi wanatuangalia. Bosi anataka tununue seva ya pili, na muuzaji katuahidi eti asilimia 99.9 haitazima. Ni kweli au tunapigwa?

JIBU: Pole dada yangu, hilo benchi nalijua. Hiyo 99.9 sio uongo ila hajakupa hesabu yake, mwaka una saa 8,760 kwa hiyo bado seva inaruhusiwa kulala karibia saa 9, na angesema 99 tu ingekuwa zaidi ya siku 3 na nusu. Kwenu saa 9 kwa mwaka ni neema, shida ni zinaangukia lini, zikiangukia siku ya marejesho mtajua hamjui.

Seva ya pili iacheni kwanza. Zungukeni ofisi nzima mkiuliza, nini humu kipo kimoja tu na kikifa wote tunakaa? Mara nyingi nakuta seva ina UPS yake vizuri kabisa, lile boksi la betri linaloshika umeme ukikatika, ila swichi, kile kiboksi kinachounganisha nyaya za kompyuta zote na seva, kimebandikwa juu ya mlango na kimechomekwa soketi ya kawaida, umeme ukienda seva inawaka peke yake haina wa kuongea naye. Na kaunta je? Angalau kompyuta mbili za pale ziwe laptop, zina betri zake.

UPS iwe na waya wa USB unaoingia kwenye seva, betri ikikaribia kuisha inaiambia ijizime taratibu, maana hiyo saa nzima unayolalamikia yaelekea ni databesi, yaani ghala la kumbukumbu za mikopo, inajikagua baada ya kuzimwa kwa kishindo. Betri zake zinaishi miaka 3 hadi 5, kwenye stoo yenye joto ni pungufu ya hapo, andikeni tarehe ubavuni kwa maka peni. Na printa ya leza msiichomeke hapo, inavuta umeme mwingi kwa mkupuo.

Diski ziwe mbili zinazoandika kitu kilekile, ndo mafundi tunaita RAID 1, moja ikifa kazi inaendelea. Ila hiyo sio bakapu jamani, yaani nakala ya akiba, mtu akifuta faili linafutika kote kwa sekunde ileile. Kuna ofisi niliitwa, jina naliacha, bakapu inaenda kwenye flashi kila usiku miezi 8, taa inawaka wote wana amani. Seva ilipokufa tukafungua ile flashi, faili la mwisho lina KB 0, yaani tupu, flashi ilishajaa zamani na hakuna aliyewahi kuifungua. Wakarudi kwenye madaftari, nilimuacha mama mmoja anaingiza stakabadhi moja moja na ilishafika saa 3 usiku. Kwa hiyo data ziwe sehemu 3, kwenye vifaa vya aina 2, moja iwe nje ya jengo, na kila mwezi rudisheni databesi yote kwenye kompyuta nyingine mfungue mkopo mmoja mkauone kwa macho.

Hapo sasa ndo mnunue ya pili, hata iliyotumika, ipokee nakala ya mwenzake kila robo saa. Ila fundi asiwafungie mbili zijiamulie zenyewe nani bosi bila kifaa cha tatu cha kupiga kura, waya kati yao ukikatika kila moja inajiona mkubwa na zote zinaandika mikopo, kuzipatanisha ni wiki.

SWALI: Tuna laini mbili za intaneti, kampuni mbili tofauti, ila Mei 2024 zote zilikufa pamoja. Tuliibiwa? Msomaji, Dar.

JIBU: Hamkuibiwa. Tarehe 12 mwezi ule nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na kampuni nyingi huku zinategemea hizohizo. Kabla ya kusaini waulizeni, nje mnatoka kwa waya upi, na hapa mtaani faiba yenu iko nguzo ipi? Nishaona za kampuni mbili zinaning'inia nguzo moja, lori la mchanga likapita nazo zote.