Fundi anataka kuzika nguzo za banda la gari, tumkubalie?

SWALI: Shikamoo fundi. Sisi tunakaa Kigamboni, kiwanja chetu ni mchanga mtupu na upepo wa bahari unatufikia vizuri tu. Tuna Noah inalala nje, jua linaimaliza rangi na dashibodi imeanza kupasuka. Tumepata fundi, anasema anachimba mashimo manne, anazika nguzo za mbao anamwagia zege, anapaua na bati, siku mbili kamaliza. Tena upande mmoja anataka aegemeze kwenye ukuta wa nyumba. Bei yake nzuri ila mume wangu anasita, maana banda la jirani paa liling'oka lote likaenda kutua kwenye fensi. Na tutumie mbao gani?
Mama wa wawili, Kigamboni

JIBU: Marahaba mama. Mumeo ana haki ya kusita. Watu wengi wanaogopa banda lisije likadondokea gari, kumbe paa la bati ni jepesi mno, mabati ya geji 28 ya kufunika mita 3.6 kwa 6 hayafiki hata kilo 100. Kazi ipo kwenye upepo. Banda halina kuta, kusi ikivuma inaingia kwa chini inasukuma bati juu na ule upepo unaopita juu nao unalivuta, sasa kama nguzo imeshikwa na mchanga tu ndo yanatokea ya jirani yenu.

Kwahiyo hela ianzie chini. Weka nguzo sita, tatu kila upande, zipishane mita 2.5, na katikati ya pande mbili uache mita 3 ili milango ya gari ifunguke bila kugonga. Mashimo sentimita 40 kwa 40, kina 75 kwa mchanga wenu huo, jaza zege la moja kwa mbili kwa nne, yaani sementi moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mifuko mitano ya sementi inatosha mashimo yote sita, na kila shimo linakupa uzito wa kilo 280 hivi, yaani shimo moja tu ni zito kuliko bati lote!

Ila nguzo usizike, hapo fundi wako mkatalie kabisa. Mbao ikikauka ndani ya zege inasinyaa, inaacha mwanya, maji ya masika yanaingia humo na hayana pa kutokea, inaoza palepale usawa wa ardhi na kwa juu unaiona nzima tu. Atakwambia anapaka oili chafu, sawa, lakini oili inabaki juujuu haizami ndani, na mchwa wanapitia kwenye ufa. Nenda kwa fundi wa kuchomelea akutengenezee viatu vya chuma bapa cha milimita 6, umbo la U, chini kachomelea nondo za kuzama kwenye zege. Kiatu kikae juu ya ardhi sentimita 10, nguzo iingie humo ifungwe na bolti mbili za milimita 12. Kwa huko baharini chukua bolti na misumari iliyopakwa zinki, ya kawaida itakula kutu mapema.

Mbao: paini ya Mafinga iliyowekewa dawa inatosha. Mkongo na mninga ni mbao za heshima lakini hela hiyo mi ningeipeleka kwenye vyuma. Nguzo za inchi 4x4, mbao za kubeba paa 2x6 mbilimbili, juu yake 2x4 kila sentimita 60. Msumari peke yake paa likivutwa juu unachomoka, kwahiyo kila kiungo kizungushiwe mkanda wa chuma, alafu kila kona ipigwe mbao ya mshazari, bila hiyo banda linayumba kama mlevi. Vipande vya mbao ya dawa vikibaki msiwashie jiko, moshi wake ni sumu.

Ukuta wa nyumba uacheni. Mkishautoboa mnaalika maji ndani, na nguzo tatu mnazookoa si hela ya kuharibia nyumba. Upande wa chini wa paa uelekee kusi kama kiwanja kinaruhusu, mteremko sentimita 30, na maji yasimwagikie kwenye msingi. Kibali ulizeni serikali ya mtaa kabla hamjachimba.

Baada ya miezi michache mbao zikishasinyaa bolti zitalegea, mzee achukue spana namba 19 azipitie zote, viatuni na juu.