Kabla hujafungua chumba cha upasuaji kwenye kliniki yako

Mama yule alikuwa na vivimbe vinne vya mafuta, vitatu mgongoni na kimoja mkononi, na alitaka vyote vitoke siku hiyohiyo maana ametoka mbali na nauli ni pesa. Nikamkubalia. Nilikuwa na miezi mitano tu tangu nifungue kliniki yangu hapa Morogoro, baada ya miaka mingi ya kufanya kazi hospitali ya serikali. Kila alipoguna, nilimwongezea ganzi kidogo. Tulipofika kivimbe cha tatu akasema, "Dokta, mdomo unakufa ganzi, na masikio yanavuma." Nikamjibu, "Tulia mama, tunamalizia." Hata dakika haikuisha, macho yakageuka, mwili ukakakamaa, akaanza kutikisika kitandani.

Mtungi wa oksijeni ulikuwepo, umejaa. Spana ya kuufungulia ndiyo haikuwepo. Sista alitoka mbio, akaikuta kwa fundi pikipiki wa jirani aliyeiazima siku mbili nyuma. Mimi huku nimemlaza mama ubavu, mkono mmoja unavuta taya mbele, mwingine unapekua diazepamu, dawa ya kutuliza degedege, kwenye droo iliyochanganyika kila kitu. Alizinduka. Tulimpeleka hospitali akalazwa usiku mmoja kwa uangalizi, kesho yake akatoka mzima na kuniuliza kama kile cha nne kimetoka. Usiku ule sikulala. Nilikaa mezani nikafanya hesabu niliyopaswa kuifanya asubuhi.

Lidokeini, ndiyo hiyo dawa ya ganzi, ya asilimia 2 ina miligramu 20 katika kila mililita. Kikomo ninachokifuata kwa lidokeini isiyochanganywa na adrenalini, dawa inayobana mishipa ya damu, ni miligramu 4.5 kwa kila kilo ya mgonjwa. Mama alikuwa na kilo 48, kwa hiyo haki yake ilikuwa miligramu 216, mililita zisizotimia 11. Mimi nilikuwa nimeshamchoma mililita 18. Uzito wake niliujua baadaye, hospitalini alikolazwa. Mizani nilikuwa nayo kliniki. Ilikuwa chumba cha watoto.

Naandika haya kwa sababu kila mwaka naona vijana wetu, madaktari na matabibu, wakifungua vyumba vya upasuaji mdogo: tohara, majipu, vivimbe, vidonda vya kushona, kucha zilizoota ndani ya nyama. Ni jambo jema. Mgonjwa anayetolewa kivimbe cha mafuta mtaani kwake hapotezi siku tatu kwenye foleni ya hospitali ya mkoa. Usajili na vibali utaelekezwa na ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya, sitapoteza muda huko. Ninachotaka ukielewe ni kwamba thieta ya hospitali ukipiga kelele anakuja mtaalamu wa usingizi, wanakuja wauguzi, na daktari wa chumba cha pili anaacha kazi yake. Kliniki kwako ukipiga kelele anakuja mlinzi. Vifaa vyako na idadi ya watu wako vipange kwa kuikumbuka hali hiyo. Wagonjwa wa kuwakubali, hivyohivyo.

Basi usianze na taa ya mamilioni. Anza na vitu vya kumwokoa mtu: mtungi wa oksijeni wenye kipimo kinachofanya kazi, barakoa, ambu (mfuko wa kumpulizia mgonjwa hewa kwa mkono) ya mtu mzima na ya mtoto, mashine ya kunyonya makohozi (ile ya kukanyaga kwa mguu haijali umeme), kipima oksijeni cha kidoleni, mashine ya presha, dripu na kanula. Mashine ya kuzalisha oksijeni ni nzuri, nami ninayo, lakini LUKU ikiisha au umeme ukikatika inakuwa meza. Mtungi uwepo daima. Ule mdogo wenye lita 680 za gesi, ukiufungulia lita 10 kwa dakika, unakupa saa moja na dakika chache. Piga hesabu ya njia kutoka kwako hadi hospitali ya rufaa, saa za foleni ya magari, ujue kama unatosha.

Dawa za dharura ziwe kwenye boksi moja lenye rangi usiyoikosea, si kwenye droo. Adrenalini iwe juu kabisa, na karatasi iliyobandikwa kwenye kifuniko iseme wazi: mtu mzima aliyepatwa na mzio mkali, mililita 0.5 ya adrenalini ya 1:1000, msuli wa paja kwa nje, rudia baada ya dakika 5 asipopata nafuu. Usitegemee kichwa chako kukumbuka wakati huo. Mimi ni daktari wa upasuaji, na siku ile nilisahau kipimo cha diazepamu ambacho nimekiandika mara mia. Ninayo pia chupa ya mafuta ya dripu ya asilimia 20, yale wanayolishwa wagonjwa mahututi kwa mshipa, kwa sababu ndiyo dawa ya sumu ya ganzi: mililita 1.5 kwa kila kilo kwa kuanzia. Ni ghali na inaisha muda haijaguswa. Naitupa, nanunua nyingine.

Siku hizi ubaoni ukutani, kabla sijavaa glavu, Sista anaandika uzito wa mgonjwa na chini yake mililita zinazoruhusiwa. Natumia ya asilimia 1 badala ya 2, maana kwa kazi zetu inatosha na inanipa ujazo mara mbili kwa kiasi kilekile cha dawa. Yenye adrenalini inakuruhusu hadi miligramu 7 kwa kilo, ila kwenye uume siitumii kabisa. Vuta bomba kila unapohamisha sindano, uone kama damu inaingia. Na mgonjwa akikwambia mdomo unakufa ganzi, masikio yanavuma au anasikia ladha ya chuma, weka sindano chini papo hapo. Anakupa onyo ambalo mashine yako haitakupa.

Nusu kaputi usiifikirie. Hata sindano za kumlegeza mgonjwa asinzie, sizitumii kliniki, kwa kuwa mtu aliyesinzia anahitaji mtu mwingine wa kumtazama pumzi tu, asiye na kazi nyingine, na mimi huyo sina.

Nije kwenye vifaa vya kukatia, ambako wengi tunadanganyana. Usinunue seti moja nzuri ya gharama, nunua nne za kawaida. Ukiwa na seti moja na wagonjwa watatu wako kwenye benchi, utamaliza wa kwanza na shetani atakunong'oneza: loweka kwenye klorini dakika kumi, endelea. Klorini haitakasi vifaa vya upasuaji. Tena wengi wetu tulifundishwa kuloweka kwanza kwenye klorini ya asilimia 0.5 ndipo tuoshe. Shirika la Afya Duniani halishauri tena hivyo, kwa sababu klorini inakula chuma na damu inaimaliza nguvu. Osha kwa maji, sabuni na brashi, viungo vya mkasi vikiwa wazi, glavu nene mkononi. Kausha. Funga. Kisha otoklevu, mashine ya kutakasa kwa mvuke: nyuzi 121 kwa dakika 30 kwa vilivyofungwa, na dakika hizo zinahesabiwa baada ya joto kufika hapo, si tangu ulipowasha jiko.

Ukifungua ukakuta kifurushi kimelowa, kirudie. Unyevunyevu ni njia ya wadudu. Na ule utepe unaobadilika rangi unakwambia tu kwamba joto lilifika nje ya kifurushi. Kwa hiyo weka kiashirio ndani pia, na kila baada ya muda jaribu mashine kwa vile vichupa vya vijidudu vigumu vinavyoonyesha kama kweli vilikufa. Kwangu idadi ya seti zilizo tayari asubuhi ndiyo idadi ya wagonjwa wa siku hiyo. Wa tano anapewa tarehe, hata akilalamika.

Kumkataa mgonjwa ndiyo kazi ngumu kuliko kukata, kwa sababu unajua atavuka barabara kwa mwingine na pesa imeondoka nayo. Mimi simgusi kliniki mwenye presha inayofika 180 kwa 110, mwenye sukari iliyopanda bila mpangilio, mwenye kunywa dawa za kuzuia damu kuganda, wala uvimbe wa titi, wa shingoni au wa kinena. Kila uvimbe ulio karibu na mshipa mkubwa, kwenye kinena, nyuma ya goti au kwapani, uwekee vidole kwanza usikilize. Ukidunda, si jipu, ni mshipa wa damu uliovimba. Niliwahi kuletewa kijana aliyepangiwa kupasuliwa "jipu" la kinena lililokuwa likidunda chini ya kidole kama moyo. Angepasuliwa palepale kwenye benchi asingefika getini. Keloidi, yale makovu yanayovimba na kukua, nazo usizikate kwa kumfurahisha mtu. Bila mpango wa matibabu baadaye, inarudi kubwa kuliko ya kwanza.

Kuna orodha ya maswali ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, vipengele 19. Watu wanaidharau kuwa ni makaratasi ya Wazungu. Ilipojaribiwa katika hospitali za miji minane, London, Toronto na Seattle zikiwemo, mmoja wa miji hiyo ulikuwa Ifakara, hapa hapa mkoani kwetu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: kwa jumla ya hospitali zote nane, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo mengine makubwa kutoka 11 hadi 7. Hicho ni kitu chetu pia. Mimi nimeifupisha iendane na kliniki: jina, ni nini kinatolewa na upande gani, mzio, dawa anazotumia pamoja na za kienyeji, uzito, oksijeni imefunguliwa ikajaribiwa, gozi ngapi zimeingia. Tunaisoma kwa sauti na mgonjwa anasikia. Kivimbe tunakichora kwa kalamu angali amekaa, kwa sababu ukishachoma ganzi ngozi inavimba na kivimbe kidogo kinapotea. Ukifunga kidole kwa mpira ili damu isitoke, ubane na koleo refu linaloning'inia, usije ukafunga bandeji juu yake ukausahau.

Kinachotoka mwilini kinakwenda maabara. Kila kivimbe, hata unachoapa ni mafuta. Gharama yake iweke ndani ya bei, usimwachie mgonjwa achague. Formalini, maji ya kuhifadhia nyama isioze, iwe mara kumi ya nyama yenyewe, na jina liandikwe kwenye chupa yenyewe, si kwenye kifuniko, vifuniko vinabadilishana.

Wafanyakazi wako wachanjwe homa ya ini B kabla hawajashika sindano ya kwanza. Boksi la sindano likifika robo tatu, lifungwe. Akijichoma mtu, aanze dawa za kinga ya VVU mapema iwezekanavyo, isizidi saa 72, siku 28 mfululizo, na asigombezwe, maana anayegombezwa safari ijayo ataficha.

Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi tunafunga kwa nusu saa. Mlinzi analala kitandani, "anazimia", na mimi nahesabu sekunde mpaka oksijeni imfike. Mlinzi naye anajua namba ya dereva wa gari la wagonjwa na geti la kuingilia hospitali. Spana imefungwa kwenye mtungi kwa mnyororo.

Yule mama alirudi baada ya miezi miwili. Sikumtarajia. Nilimwomba radhi upya, nikamweleza kosa lilikuwa langu na hesabu yake ilivyokuwa. Alinisikiliza, akavua kandambili, akapanda mwenyewe kwenye mizani. Kilo 49. Sista akaandika ubaoni, nikatoa kile kivimbe cha mkononi kwa mililita 4.