Feni ya umeme kwenye Hilux ya dizeli: anza na waya, feni nunua mwisho

Hilux yangu ina injini ya 3L, dizeli ya lita 2.8 isiyo na turbo. Kiwandani ilifungwa feni ya kawaida ya pikapu: mapanga ya plastiki mbele ya pampu ya maji, yanazungushwa na mkanda kupitia klachi ya feni, kiungo chenye mafuta ya silikoni kinachoishika feni injini ikipata moto. Sasa inapozwa na feni mbili za umeme nilizotoa kwenye Camry ya skrepa. Wenzangu wenye pikapu na Hiace za zamani wananiuliza swali lilelile: feni ipi ninunue, na wapi? Jibu langu huwakatisha tamaa kidogo, kwa sababu feni ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Kinachoamua kama injini itapona au itakufa ni kava la feni, swichi ya joto, rilei (swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa), waya, na altaneta inayozalisha umeme wa gari. Na kabla ya hayo yote, je, una uhakika shida ni feni?

Gari likichemsha kwenye foleni ya Mbagala lakini likatulia mara tu linapopata barabara wazi, hapo feni unaishuku kwa haki. Likichemsha kwenye tambarare ukiwa kilomita 80 kwa saa, iache feni ipumzike, maana kwa mwendo huo upepo unaingia wenyewe kwenye grili. Angalia rejeta, themostati (valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yapate moto), pampu ya maji na gasketi ya silinda hedi. Huku pwani wengi tunajaza maji ya kisima, na visima vingi vya Dar vina chumvi. Njia za rejeta zinaziba kwa ndani polepole huku kwa nje inang'aa. Na themostati kama fundi aliitoa na kuitupa, kama ilivyo desturi ya gereji nyingi, irudishe kwanza. Bila themostati swichi ya joto itakuwa inasoma maji ambayo hata hayajui yanatakiwa kuwa na joto gani.

Klachi ya feni nayo ina kipimo chake. Zima injini iliyokwisha kupata moto, kisha zungusha feni kwa mkono. Ikizunguka kwa wepesi mizunguko kadhaa bila kukuzuia, mafuta ya silikoni ya ndani yamevuja. Mafuta hayo yanauzwa, na klachi nyingi za Toyota zinafunguka na kujazwa upya. Kwa mtu anayepandisha mzigo mlima Kitonga, ushauri wangu unaishia hapo: jaza mafuta au nunua klachi, feni ya umeme waachie wengine.

Sababu yake ni hesabu tu. Feni ya mkanda, injini ikiwa imepanda mizunguko, inaweza kula nguvu farasi kadhaa, na nguvu farasi moja ni wati 746. Feni mbili za umeme zikivuta ampea 20 kwa volti 13.5 zinapata wati 270, yaani hata nusu ya farasi mmoja hazifiki. Ubora wa feni ya umeme ni kwamba haijali injini inazunguka kwa kasi gani. Kwenye foleni, injini ikiwa kwenye saileni, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, kwa mizunguko 750 kwa dakika, feni ya mkanda inajizungushia tu kivivu, ilhali ya umeme inavuta kwa nguvu zake zote. Ukiwa gia ya pili mlimani na tani moja nyuma, mambo yanageuka. Gari langu linaishi mjini, ndiyo maana nikabadilisha. Anayekuahidi kwamba utaokoa mafuta mengi, muulize alipima vipi.

Haya, tuseme umepima na bado unaitaka. Nenda Gerezani au Shaurimoyo pale Ilala, na kwa walio Nairobi, Kirinyaga Road. Tafuta magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, kwa kuwa injini zao zimekaa kukingama na mkanda hauwezi kuzungusha feni iliyoelekea mbele. Kwa hiyo karibu yote yana feni ya umeme. Nenda na futi kamba, betri yako, na mita ya kubana waya inayosoma ampea za DC. Shika mhimili wa mota uutikise pembeni. Ukicheza, bushi imekwisha. Iwashe kwa dakika kadhaa, sikiliza, soma ampea, andika. Usikubali feni tupu. Chukua na kava lake, soketi ikiwa na mkia mrefu wa waya, rilei na kikalio chake, na swichi ya joto ya gari hilohilo. Muuzaji atakuona msumbufu, lakini hivyo vitu vidogo ndivyo vitakavyokupotezea wiki ukivitafuta kimoja kimoja.

Kava lina kazi kubwa kuliko linavyoonekana. Feni bila kava inavuta hewa ya pale tu mapanga yalipo, na pembe zote za rejeta zinabaki bila kazi. Kava linapaswa kufunika uso karibu wote na kubana kingoni. Mimi nilipachika mpira wa mlango wa gari kuzunguka ukingo. Lifunge kwa vyuma vya pembe kwenye fremu ya rejeta, na uweke bushi za mpira katikati. Zile tai za plastiki zinazopenyezwa katikati ya mapezi ya rejeta usizikubali hata fundi akuapie: mtetemo unasugua mirija mpaka inatoboka.

Unapotoa feni ya zamani, kumbuka kwamba nati nne zinazoshika klachi ndizo zinazoshika pia puli ya pampu ya maji. Feni ikitoka, rudisha nati hizo na washa zinazofidia unene uliopungua, ukaze. Mkanda unabaki, kwani bado unazungusha pampu na altaneta.

Sasa swichi ya joto, ambayo hata mafundi umeme wazuri huwachanganya. Swichi nyingi za feni kwenye Toyota ndogo za miaka ya 1990 zinafanya kazi kinyume na unavyodhani: maji yakiwa ya baridi swichi imefunga, yaani inapitisha umeme, yakifika nyuzi joto 93 inaachia, yakishuka 83 inafunga tena. Ukiiunganisha na rilei ya kawaida, feni itazunguka asubuhi injini ikiwa baridi na kuzima pale gari linapochemsha. Swichi za Volkswagen ni tofauti, zenyewe zinafunga zikipata joto. Kwa hiyo usifuate jina la gari wala maneno ya muuzaji, pima. Tumbukiza ncha ya swichi kwenye sufuria ya maji jikoni, unganisha mita, weka kipimajoto, na uangalie inabadilika kwenye nyuzi ngapi. Ukiwa Nairobi au Mbeya, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94 kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo swichi ya 95 haitashtuka hata maji yakitokota saa nzima, nawe utaitupa ikiwa nzima.

Mpangilio huo wa Toyota nimeuacha kama ulivyo kwa makusudi. Waya wa swichi ukikatika, feni inazunguka muda wote. Utasikia kelele, utajua kuna tatizo, na injini inabaki salama. Kwa mpangilio wa kawaida waya ukikatika feni inanyamaza, nawe utajulishwa na mvuke.

Ila mpangilio huo unadai rilei mbili zinazofuatana. Ya kwanza inawashwa na ufunguo, na ndiyo inayopeleka umeme kwa ya pili. Ukiiruka, siku ukizima gari, koili (sumaku ya umeme) ya rilei ya pili inakosa umeme na feni inaanza kuzunguka yenyewe hadi betri iishe. Ya pili itumie mguu wenye namba 87a, ule unaoungana na mguu wa 30 wakati koili haina umeme. Hapo soma maandishi juu ya rilei: zile zilizoandikwa 40/30A zinabeba 40 kwenye mguu wa 87, na 30 tu kwenye 87a. Mimi nimeipa kila feni rilei yake na fyuzi yake, moja ikifa nyingine inanifikisha nyumbani.

Hilux haina tundu la kufungia swichi hiyo kwenye rejeta. Nilikwenda kwa fundi wa kukereza, akanitengenezea kipande cha bomba la shaba nyeupe chenye nyuzi za swichi ubavuni. Unakata mpira wa juu wa rejeta, unakipachika katikati na kubana kwa klipu mbili. Swichi yenye mguu mmoja inapata ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, kupitia mwili wake, na mpira haupitishi umeme. Lehemu waya wa ethi kwenye kipande hicho hadi kwenye bodi, la sivyo utabadilisha swichi na rilei bila kuona tofauti.

Kwenye waya watu wanabania pesa. Chukua feni ya ampea 20 iliyo mita tatu kutoka kwenye betri, kwenda na kurudi mita sita. Kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, volti 1.4 hivi zinapotelea njiani. Kwa waya wa 4 inapotea nusu volti. Feni iliyokosa volti moja na nusu inapunguza mzunguko, na hewa inapungua nayo. Nunua waya wa magari wa 4 au zaidi, wa shaba halisi; ule wa alumini uliopakwa rangi ya shaba ukiukwangua kwa kisu utaonekana mweupe. Ethi ya feni irudishe kwenye betri au kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Fyuzi ikae karibu na betri, na iwe kubwa kidogo kuliko ampea ulizoandika sokoni, kwa sababu mota ikianza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya kiwango chake. Umeme wa kuwashia rilei uchukue kwenye boksi la fyuzi, penye umeme ufunguo ukiwa umewashwa. Usiuchukue kwenye waya wa ile valvu inayokata dizeli kwenye pampu: shoti ndogo hapo, gari linazima katikati ya barabara.

Halafu altaneta. Kipimo nilichokiamini ni cha usiku: injini saileni, taa kubwa, waipa na feni zote zikiwa zimewashwa, mita kwenye betri. Ikibaki juu ya volti 13, sawa. Ikishuka chini ya 12.5 betri ndiyo inalisha feni, na foleni ndefu ya mvua itakuacha umezimika. Usikimbilie kununua altaneta yoyote kubwa. Kwenye injini za dizeli za 2L na 3L, altaneta imebeba nyuma yake pampu ya vakyumu ya breki, na ukiweka ya petroli isiyo na pampu hiyo, pedali ya breki itakuwa ngumu kama jiwe. Tafuta ya dizeli yenye ampea zaidi, pampu yake ikiwepo.

Kama gari lina AC, feni lazima zizunguke kila kompresa inaposhika, hata maji yakiwa ya baridi, kwa sababu kondensa, ile rejeta ya AC, iko mbele ya rejeta ya maji na inahitaji upepo uleule. Weka rilei ya ziada inayochukua ishara kwenye waya wa klachi ya kompresa.

Mwisho, swichi mbili za mkono kwenye dashibodi. Moja inakata waya wa swichi ya joto, ili uwashe feni mapema kabla ya kupanda mlima. Nyingine inazima rilei ya kwanza kabisa, kwa ajili ya maji. Mvua zikijaza barabara pale Jangwani na ukalazimika kufuata msururu, mapanga yanayozunguka yakikutana na maji yanapinda kuelekea rejeta au mota inaungua. Zima feni kabla ya kuingia. Hatari ni kusahau kuiwasha ukishavuka, kwa hiyo swichi hiyo niliichagua ya njia mbili: upande mmoja unalisha rilei, upande wa pili unawasha taa nyekundu mbele ya macho yangu, na taa hiyo haizimi mpaka feni zirudishiwe umeme.