Bibi anamkataa mchumba wangu kwa asili yake

Shangazi, nina miaka 26, naishi Unguja. Nimeposwa na kijana ambaye wazee wake walitoka Tabora. Baba na mama wameridhia. Bibi mzaa baba, ambaye ni wa asili ya Kiarabu, anasema mjukuu wake haolewi na "kizazi cha watumwa". Sisi vijana hatuna mambo hayo. Nilimwonyesha picha ya mchumba, nikaing'arisha kidogo kwenye simu, bado akakataa. Nifanye nini?

Mwanangu, pole. Alilosema bibi ni baya, na mapenzi yako kwake hayakulazimishi ulimeze.

Ila ujue lilikotoka. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, lakini chini ya Waingereza watu waliendelea kupangwa kwa asili. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia hata mgao wa chakula ulifuata asili ya mtu. Bibi amelelewa na watu wa enzi hizo. Kisha ikaja Januari 1964: watu wa nyumba kama yenu wakauawa, wengine wakakimbia. Hofu yake ina sababu. Kaa naye, muulize aliona nini mwaka ule, wala usimkatize. Lakini dharau ilikuwepo kabla ya Mapinduzi, na hiyo usiitii.

Nawe, kama vijana hamna mambo hayo, picha uliing'arisha ya nini? Uliuona weusi wake kuwa ni aibu ya kusitiriwa. Akijua, ataumia kuliko alivyoumizwa na bibi, maana bibi hamjui, wewe ndiye uliyemchagua. Mwambie mwenyewe, umtake radhi.

Walii wako ni baba. Ameridhia, basi asikuachie wewe ugomvi na mama yake. Bibi akisema kijana si kufu yako, baba amkumbushe Fatima bint Qays, Mkureishi, yaani wa kabila la Mtume mwenyewe, ambaye Mtume alimshauri aolewe na Usama, mtoto wa Zayd aliyekuwa mtumwa akaachwa huru. Mwanzo hakumtaka, baadaye akaiona kheri ya ndoa ile.

Wazee wa kijana waje na mshenga, bibi awaone kwa macho. Baba awe ameshamwambia kwamba neno lile halitamkwi mbele ya wageni. Akikataa kutoka chumbani, msimlazimishe, na tarehe ya nikaha msiisogeze.