Umeme ukirudi, programu ya mauzo haiwaki

Swali: Fundi, habari za kazi. Dukani kwetu Morogoro tuna kompyuta moja yenye mfumo wa Ubuntu 22.04 ya seva. Baadaye tuliiongezea ubuntu-desktop, yaani skrini ya madirisha na kipanya, ili wenzangu wasiogope skrini nyeusi. Programu yetu ya mauzo inatumia hifadhidata ya PostgreSQL, nami nimeiandikia faili la mauzo.service. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta inajiwasha, ila inakaa dakika mbili na ushee, na hata ikishawaka programu haipo mpaka niandike `systemctl start mauzo`. Nikijaribu `enable` inanijibu maneno mengi, kwamba faili halina maelezo ya kuiandikisha. Halafu kuna cups, huduma ya printa ambayo hatuitumii: niliiondoa kwa `disable`, lakini kila kukicha ipo. Nakosea wapi?

Jibu: Salama, ndugu yangu. Hayo ni magonjwa matatu yaliyokutana kwenye kitanda kimoja. Nianze na la programu, maana ndilo linalowakalisha wateja kwenye foleni.

`start` inawasha huduma sasa hivi, haina habari na kesho. `enable` haiwashi kitu. Inaweka kiungo tu ndani ya folda ya /etc/systemd/system/multi-user.target.wants, na kompyuta inapowaka systemd, msimamizi wa huduma zote, hupita humo na kuwasha kila inachokikuta. Ni kama daftari la zamu: kuandika jina la mlinzi hakumfikishi getini usiku huo, na mlinzi aliyepo getini leo bila kuandikwa, kesho hamtamwona. Wazee wa kazi hii watakumbuka /etc/rc2.d na viungo vyake vilivyoanza kwa S20 au S99. Debian, ambayo Ubuntu imejengwa juu yake, ilihamia systemd kwenye toleo la 8, mwaka 2015, lakini wazo la kiungo halikubadilika.

Sasa, systemd inajuaje kiungo kiwekwe folda gani? Inasoma sehemu ya Install ndani ya faili la huduma, na lako halina sehemu hiyo. Andika `systemctl is-enabled mauzo` uone: itakujibu `static`, yaani huduma hii haiandikishwi, inangoja kuitwa na nyingine. Fungua /etc/systemd/system/mauzo.service, mwishoni weka kichwa cha Install ndani ya mabano ya mraba, na chini yake mstari huu:

`WantedBy=multi-user.target`

Kisha `sudo systemctl daemon-reload`, ili systemd isome faili upya, na `sudo systemctl enable --now mauzo`. Hilo neno `--now` linafanya yote mawili, kuandikisha na kuwasha.

Usishangilie bado. systemd huwasha huduma nyingi kwa mpigo, haingoji moja imalize ndipo iguse nyingine. Programu yako inaweza kufika mlangoni PostgreSQL ikiwa bado inavaa viatu. Na baada ya umeme kukatika ghafla PostgreSQL huchelewa zaidi, kwa sababu hupitia kwanza kumbukumbu zake za maandishi kurekebisha kilichokatikia njiani. Chini ya kichwa cha Unit weka mistari miwili:

`Wants=postgresql.service`
`After=postgresql.service`

Wa kwanza unaita, wa pili unapanga foleni. Watu huandika mmoja wakidhani umebeba na kazi ya mwenzake, nao haubebi. Ukiweka `Wants` peke yake, zote mbili zitafyatuka pamoja. Ukiweka `After` peke yake na PostgreSQL haikuandikishwa, programu yako itawaka bila ya kumngoja mtu. (Kwenye Ubuntu hiyo postgresql.service ni mwavuli mtupu. Kazi yenyewe inafanywa na postgresql@14-main.service. Lakini zimepangwa mwavuli uje nyuma ya kazi, kwa hiyo kutaja mwavuli kunatosha.)

Chini ya kichwa cha Service ongeza:

`Restart=on-failure`
`RestartSec=5`

Huo mstari wa pili si pambo. Usipoutaja, systemd hurudia baada ya milisekunde 100 tu, na kikomo chake cha kawaida ni kuanza mara 5 ndani ya sekunde 10. Programu inayoanguka papo hapo inamaliza nafasi zake zote kabla hujapepesa macho mara mbili, kisha systemd inakata tamaa nayo mpaka uje wewe. Ukiiachia sekunde 5 kati ya jaribio na jaribio, haikifikii kikomo hicho.

Sasa cups. `disable` inafuta jina kwenye daftari, haimtoi aliyeko kazini. Hilo nililijua kwa nauli: niliwahi kufanya `disable` ya ssh, mlango wa kuingilia seva kwa mbali, kwenye seva niliyoikosea, iliyokuwa Dodoma nami niko Dar. Haikutokea kitu siku hiyo wala wiki hiyo. Miezi kadhaa baadaye seva ikawashwa upya, mlango ukawa umefungwa, nikapanda basi.

Lakini wewe umeshawasha upya mara nyingi na cups bado inarudi. Maana yake kuna anayeiita. Muulize systemd mwenyewe:

`systemctl list-dependencies --reverse cups.service`

Utamkuta cups-browsed, anayetafuta printa za mtandaoni. Yeye bado ameandikishwa, na faili lake linadai cups iwepo. Muondoe yeye kwanza: `sudo systemctl disable --now cups-browsed`, halafu `sudo systemctl disable --now cups.service cups.socket cups.path`. Nazitaja zote tatu kwa sababu soketi ikibaki wazi, programu yoyote ikibisha hodi huduma itaamka. Kama huna printa, usimwonee huruma cups-browsed. Septemba 2024 yalitangazwa matundu ya usalama ndani yake, naye wakati huo alikuwa akisikiliza mlango wa UDP namba 631.

Ipo pia `mask`, inayoelekeza jina la huduma kwenye /dev/null, hata mwenye kuiita asiipate. Mimi huiweka akiba. Anayeifunga huduma asiyoijua huja kunipigia simu saa nne usiku.

La dakika mbili nimelikisia kabla sijamaliza kusoma barua yako. Endesha `systemd-analyze critical-chain`. Wengi hukimbilia `systemd-analyze blame`, ambayo inaonyesha kila huduma ilitumia muda gani, lakini nyingi huenda sambamba, na iliyo juu ya orodha si lazima iwe ndiyo iliyokuchelewesha. Ukiikuta systemd-networkd-wait-online.service, basi ndiyo hiyo: husubiri mtandao hadi sekunde 120, na seva yenye matundu mawili ya waya wa mtandao huku moja likiwa tupu humaliza sekunde zote hizo. `networkctl` itakuonyesha tundu linalohangaika. Nenda kwenye faili la mipangilio ya mtandao lililomo /etc/netplan, chini ya jina la tundu hilo weka `optional: true`, ukipanga nafasi za mwanzo wa mstari sawa na mistari ya jirani, kisha `sudo netplan apply`. Kuna watakaokushauri uizime huduma hiyo kabisa. Leo haitakudhuru, ila siku utakapounganisha folda ya mtandaoni utanikumbuka.

Jaribu jioni duka likishafungwa, kwa `sudo reboot`, si kwa kuchomoa waya. PostgreSQL huvumilia kuchomolewa, lakini usiizoeshe. Ikishawaka andika `journalctl -b -u mauzo`, na kama kuna mstari wa kosa nitumie wote kama ulivyo, usinifupishie.